Havionekani, Lakini Vimo

Ndugu msomaji, mwanao akichelewa kurudi kutoka shuleni, jua likazama naye hajafika, utatoka nje na kuwaambia majirani, "Mwanangu haonekani." Hakuna jirani atakayekuelewa kwamba mtoto huyo hayupo tena duniani. Wote wataelewa kwamba yuko mahali fulani, ila macho yako hayajamfikia; nao watachukua tochi wakusaidie kumtafuta. Ndivyo tunavyolitumia neno hilo tangu utotoni. Hata hivyo, mwaka 2017 mimi nililisoma neno hilohilo kwenye karatasi ya kliniki nikalielewa kinyume, na kosa langu nusura limpeleke kaburini mtoto wa mama yangu.

Habari hii naisimulia kwa idhini ya mwenyewe. Aliniambia, "Kaka, waeleze watu, ila jina langu liache." Nami nitafanya hivyo.

Mdogo wangu ni fundi seremala. Mwaka 2009 aliugua mkanda wa jeshi, akapimwa, akaonekana ana virusi vya UKIMWI. Wakati huo alikuwa amekonda kiasi cha kufunga suruali kwa kamba. Alianzishiwa dawa za kufubaza virusi, ambazo katika nchi yetu ya Tanzania zilianza kutolewa bila malipo mwaka 2004. Kliniki ilimtaka amtaje mtu wa nyumbani atakayemsaidia kuikumbuka dawa, akanitaja mimi. Kwa miaka minane niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Kila usiku saa tatu nilimpigia simu, naye alijibu, "Nimeshakunywa, kaka."

Afya yake ilirudi. Alifungua karakana, akanunua mashine ya randa, akaajiri vijana wawili. Akaoa mke aliyeijua hali yake tangu siku ya kwanza ya uchumba, na ambaye hakuwa na virusi. Wakajaliwa mtoto, naye hana virusi.

Mwezi wa Julai 2017 alikuja nyumbani kwangu na karatasi ya kipimo cha wingi wa virusi katika damu. Iliandikwa kwamba virusi havionekani. Tulikaa barazani tukaisoma mara tatu. Sasa nakuomba, ndugu msomaji, ukumbuke kazi yangu. Mimi ni karani wa ghala, na wakati huo nilikuwa nimeshika leja kwa miaka 26. Katika ghala, kitu kisichoonekana kwenye rafu huandikwa "kimekwisha". Basi nikamwambia mdogo wangu, tena kwa furaha na kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo, "Mungu amekuhurumia. Umepona. Pumzika sasa na hayo madawa."

Alikuwa akilalamikia kizunguzungu na ndoto mbaya zilizompata kila alipokunywa kidonge. Hata hivyo aliniuliza, "Kaka, una hakika?" Nikamjibu kwamba karatasi haidanganyi. Kwa kweli karatasi haikudanganya. Msomaji wake ndiye aliyekosea.

Miezi ya mwanzo ilipita vizuri, kiasi kwamba nilijisifu moyoni. Alilala usingizi mwema, alikula, alifanya kazi mpaka jioni. Siku za kliniki zikapita, na alipopigiwa simu alisema amesafiri. Mwezi wa saba kikaanza kikohozi, kisha jasho la usiku, kisha homa isiyoshuka. Machi 2018 tulimpeleka hospitali tukiwa tumemshika mikono huku na huku. Alikuwa na kifua kikuu, na kinga yake ilikuwa imeanguka.

Daktari alimuuliza, "Dawa uliacha lini, na nani alikuambia uache?" Mdogo wangu alinitazama, kisha akageuza uso ukutani. Akasema, "Niliacha mwenyewe, daktari." Hakunitaja. Nilitoka nje ya wodi, nikasimama kwenye ukumbi, na miguu yangu haikuwa na nguvu.

Muuguzi mmoja, wa umri wa binti yangu, alinikuta hapo. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote, maana mzigo ulikuwa umenizidi. Hakunigombeza. Alivuta benchi tukaketi, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu, akasema, "Basi baba, wewe utanielewa upesi kuliko wengi." Aliyonieleza siku ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayotaka uyajue, ili yasije yakakupata yaliyonipata.

Miongoni mwa chembe nyeupe za damu kuna kundi liitwalo CD4. Hizo ni kama makamanda: adui anapoingia mwilini, ndizo zinazoziita chembe nyingine na kuzielekeza vitani. VVU huzishambulia hizohizo. Kirusi peke yake ni kitu duni; hakili, hakikui, wala hakina kiwanda. Kina maandishi yake machache ya namna iitwayo RNA, na vimeng'enya vya kukisaidia kuingia kazini. Lakini kikishaingia ndani ya chembe hufanya jambo ambalo wataalamu wengi hawakuliamini mpaka mwaka 1970. Katika mwaka huo Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa utafiti wake, waligundua katika virusi vya wanyama kimeng'enya kinachoyageuza maandishi ya RNA yakawa DNA, kinyume cha njia iliyojulikana. Mwaka 1975 walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. VVU vinacho kimeng'enya cha namna hiyo. Kisha kimeng'enya kingine huikata DNA ya chembe yenyewe, na kuyashona maandishi ya kirusi ndani yake.

"Chukulia, baba," muuguzi akaniambia, "kwamba mwizi ameingia ofisini kwako usiku. Haibi hata gunia moja. Anafungua leja yako, na katikati ya ukurasa anaandika amri ya kutoa mali, kwa wino uleule na mwandiko uleule. Asubuhi wewe unaifuata leja kama kawaida, na mikono yako mwenyewe inamtolea mwizi mali. Tena leja ikinakiliwa, amri ile inanakiliwa nayo. Utaifutaje, nawe huijui ni ipi?"

Nilielewa. Katika kazi yangu, wizi wa mlangoni hugunduliwa siku hiyohiyo. Wizi ulioandikwa ndani ya leja waweza kukaa miaka.

Akaendelea kunieleza kwamba si kila leja hufunguliwa kila siku. Chembe nyingi za CD4 zikishamaliza vita hufa. Chache hubaki kama kumbukumbu ya mwili. Hupumzika miaka na miaka, zikimngoja adui yuleyule arudi. Ni kwa sababu ya kumbukumbu ya namna hii kwamba aliyeugua surua utotoni kwa kawaida haiugui tena. Hii ni neema kubwa ya maumbile, lakini VVU vimeipata neema hiyo na kuifanya maficho. Maandishi ya kirusi yakishashonwa ndani ya chembe, kisha chembe hiyo ikaingia katika mapumziko, maandishi nayo hulala pamoja nayo. Chembe hiyo haitoi virusi, wala haioneshi alama yoyote ya kuwa na mgeni. Askari wa mwili hupita mbele yake bila kushuku. Dawa nazo hazina la kuifanya, kwa sababu dawa huzuia kazi za kirusi, yaani kuingia kwenye chembe, kugeuza maandishi, kuyashona, au kukamilisha virusi vipya. Aliyelala hafanyi kazi yoyote ya kuzuiwa.

Na kile kipimo cha mdogo wangu je? Kipimo hicho huhesabu virusi vinavyoelea katika majimaji ya damu. Vikiwa vichache mno, kwa mfano chini ya nakala 50 katika mililita moja, husemwa kwamba havionekani. Hakifungui leja ya kila chembe, iwe katika damu, katika mitoki, au katika kuta za utumbo, ambako chembe hizo zimejaa. Kwa hiyo neno lile lilikuwa sahihi kabisa. Virusi havionekani, lakini vimo.

Hapo nikamwambia muuguzi, "Kumbe dawa ni kama wimbo wa kumbembeleza mtoto, ukinyamaza, anaamka." Akatikisa kichwa. "Hapana baba, hapo wengi hukosea. Dawa haivilazi, wala kuacha dawa siko kunakoviamsha. Kila wakati chembe chache huamka zenyewe na kutoa virusi. Dawa ikiwamo mwilini, virusi hivyo hukuta njia za kuzishika chembe nyingine zimefungwa, vikafa bila uzao. Dawa isipokuwamo, kirusi kimoja hupata chembe ya kwanza, kisha ya pili, kisha maelfu. Dawa ni mlinzi wa mlangoni, na mlinzi hajui mwizi ataamka saa ngapi." Kwa watu wengi wanaoacha dawa, virusi huonekana tena katika damu baada ya wiki chache tu. Kumbe ile miezi mdogo wangu alipokuwa akilala vizuri nami nikijisifu, virusi vilikuwa vimekwisha kuamka na kuenea, ila mwili ulikuwa bado haujalalamika.

Ndugu msomaji, usidhani ni makarani wa ghala peke yao waliokosea. Mwaka 1996, ilipodhihirika kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huvishusha virusi mpaka visionekane, walikuwako wataalamu waliotumaini kwamba miaka michache ya tiba ingeweza kuvimaliza. Mwaka uliofuata, makundi matatu ya watafiti wa Marekani yalitangaza kwamba katika watu ambao damu yao ilionekana safi, walichukua chembe za CD4 zilizopumzika, wakaziamsha katika maabara, na virusi hai vikatoka. Chembe zenye virusi vinavyoweza kuamka ni chache mno, kama moja tu katika milioni moja ya chembe zilizopumzika. Lakini moja hiyo inatosha.

Robert Siliciano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipima kasi ya kupungua kwa akiba hiyo, wakaona kwamba hupungua kwa nusu kila miezi 44 hivi, hata dawa ikinywewa bila kukosa. Mimi nilichukua kalamu nikapiga hesabu kwa namna yetu ya ghala. Tuseme akiba ni chembe 1,000,000. Baada ya miezi 44 zinabaki 500,000. Baada ya miezi 88 zinabaki 250,000. Ili ifikie chembe moja, yahitajika kugawa kwa nusu mara 20, yaani miezi 880. Hiyo ni zaidi ya miaka 73. Tena imebainika baadaye kwamba baadhi ya chembe hizo hujigawa na kuzaa nyingine, kila moja na nakala ya maandishi yaleyale. Ndiyo sababu mtu huambiwa kwamba dawa hii ni ya maisha.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha mtoto mmoja wa jimbo la Mississippi, Marekani. Alizaliwa mwaka 2010 akiwa na virusi, akaanzishiwa dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa. Alipofikia umri wa miezi 18 dawa zikakatizwa. Aliporudishwa kwa madaktari walistaajabu kuona virusi havionekani, na mwaka 2013 dunia nzima ilitangaziwa habari njema. Alikaa miezi 27 bila dawa na bila virusi kuonekana. Lakini Julai 2014 ikatangazwa kwamba virusi vimerudi. Ikiwa katika mtoto aliyewahiwa kwa saa 30 virusi vilikuwa vimekwisha kupata pa kujificha, vitakosaje kujificha katika mtu mzima aliyekaa navyo miaka bila kujua?

Utaniuliza, je, hakuna aliyepona? Wapo, nao ni wachache mno. Wa kwanza kujulikana alikuwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeishi Berlin. Alikuwa pia na saratani ya damu, na mwaka 2007 na 2008 alipandikizwa uboho wa mtu ambaye chembe zake, kwa maumbile, hazina mlango mmoja ambao virusi huutumia kuingilia. Aliishi bila VVU mpaka alipofariki mwaka 2020, saratani ile iliporudi. Lakini upandikizaji huo ni hatari, waweza kuua, na hufanywa kwa sababu ya saratani. Hakuna daktari atakayemfanyia hivyo mtu anayeweza kuishi salama kwa kidonge. Watafiti wanajaribu njia nyingine, mojawapo ikiwa kuziamsha kwa makusudi chembe zilizolala, huku mlinzi akiwa mlangoni, ili mwili uzitambue na kuziua. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Ukimwamsha, utalala wewe. Mpaka leo watafiti hao hawajafanikiwa kuimaliza akiba ile, ingawa kazi inaendelea.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, na dawa za kufubaza virusi akaanzishiwa upya. Wahudumu walituonya kwamba kunywa leo na kuacha kesho huvipa virusi nafasi ya kujifunza kuishinda dawa. Karakana ilifungwa. Mashine ya randa iliuzwa kulipia kodi ya nyumba na chakula, na wale vijana wawili wakaenda kwa fundi mwingine. Hayo yote nilijua ni deni langu.

Lakini deni kubwa zaidi lilikuwa la shemeji. Kwa miezi ile yote mumewe alipokuwa bila mlinzi, naye alikuwa hatarini, wala hakujua. Mumewe alimwambia dawa zimesimamishwa na wakubwa, na mkubwa mwenyewe ni mimi. Alipimwa, akaonekana hana. Akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizo mapya yaweza kuchelewa kuonekana katika kipimo. Ndugu msomaji, miezi hiyo mitatu nilijifunza maana ya neno "havionekani" kuliko nilivyojifunza kwa maneno ya mtu yeyote. Kila nilipomwona akimnawisha mumewe mikono ili ale, niliinamisha macho. Siku ya kipimo cha pili nilikaa nje ya kliniki tangu asubuhi. Alitoka akasema, "Shemeji, niko salama. Inuka twende nyumbani." Hakuongeza neno.

Nakuomba usiyachukue haya ukaenda kuwaogopa watu wanaokunywa dawa. Hilo nalo lingekuwa kosa, tena kubwa. Utafiti uliofanywa barani Ulaya kwa wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, matokeo yake yakatolewa mwaka 2016 na 2019, haukumkuta hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake ambaye dawa zilikuwa zimevifubaza virusi vyake. Asiyeacha dawa, na virusi vyake vikawa havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hayo ni matunda ya kidonge cha kila siku. Anayekiacha kidonge kwa sababu ya matunda hayo ni kama mtu anayemfukuza mlinzi kwa kuwa tangu amwajiri hajaibiwa.

Basi, ikiwa nyumbani kwako yumo ndugu, mke, mume au mtoto anayetumia dawa hizi, mfurahie anapoleta karatasi nzuri. Mpikie chakula kizuri siku hiyo, ukipenda. Kisha saa yake ya dawa ikifika, mletee maji. Akilalamika kwamba dawa inamsumbua, usimpe ruhusa usiyo na mamlaka nayo. Fuatana naye kliniki akabadilishiwe. Mdogo wangu alibadilishiwa, na ndoto zile zilikoma. Na wewe uliye mkubwa wa nyumba, ambaye neno lako husikilizwa, usiseme "umepona" kwa jambo ambalo hukulisomea. Udogo wa mdogo wangu ndio uliomfanya anitii, na utii wake ndio ulionisaliti.

Leo ana karakana tena, ndogo kuliko ile ya zamani, na kijana mmoja wa kumsaidia. Karatasi zake za kipimo husema kama ile ya 2017. Nami kila usiku saa tatu hupiga simu. Hunijibu, "Nimeshakunywa, kaka," kisha tunazungumza habari za watoto.